Nyasi za urembo na maua ya kuchelewa: bustani ya Nairobi isiyokufa mvua ikikata

Kila mwaka ni ile ile. Aprili na Mei kila mtu Nairobi ni mkulima hodari, ukichomeka kijiti kwa udongo kinachipuka, maua yanamea mpaka kwa mtaro, alafu mvua inakata na kufika wiki ya pili ya Januari bustani imekuwa kama kiwanja cha mpira cha shule ya msingi, vumbi na vijiti. Mimi hiyo ilinichosha ndio nikaingia mambo ya nyasi za urembo. Sisemi nyasi ya loni ya kukanyaga, nasema zile za kusimama, zenye mashuke kama mkia wa paka, upepo ukipita zinainama zote pamoja alafu zinarudi. Hizo ukizipanda na maua yanayochelewa unapata bustani inayoanza kupendeza wakati ya jirani imeshafunga virago.

Kwanza tuelewane kuhusu huo mwisho wa msimu, juu hapa ndio watu wengi wanapotea. Ukisoma pakiti ya mbegu kutoka Uingereza ama Uholanzi inakuambia maua yatatoka Agosti mpaka Oktoba, kabla theluji haijaanza. Sasa sisi Agosti tuko ndani ya sweta chini ya mawingu, na Oktoba ndio jakaranda zinamwaga zambarau mji mzima tukingoja mvua ya vuli. Hiyo kalenda ya pakiti haituhusu. Sisi miisho yetu ni miwili. Wa kwanza ni mvua ndefu ikishaisha, Juni mpaka Agosti, baridi na jua la kubahatisha. Wa pili ni mvua fupi ikishaisha, Januari mpaka katikati ya Machi, jua kali na mfereji unakohoa hewa. Panga bustani yako kwa hiyo miwili, na ujue si kila mmea unaofaa Januari utafaa Julai.

Alafu kuna hii kitu ya urefu wa mchana, ambayo mimi nilijifunza kwa kuaibika. Binamu yangu anayeishi Uingereza aliniletea pakiti ya rudibekia, yale maua ya njano yenye jicho jeusi katikati, kwa picha ni moto. Nikasia, zikamea vizuri, nikazihamisha miche kumi na moja kando ya ukuta, alafu zikakaa. Zikakaa majani yamelala chini kama sukuma iliyokanyagwa, mwezi wa tatu, wa tano, wa nane, hakuna hata kikonyo. Mmoja tu ndio ulitoa maua, na ulikuwa ule uliopandwa chini ya taa ya sekiuriti ya geti, ile inawaka usiku kucha. Nilifikiri ni mbolea. Kumbe rudibekia ni mmea unaohesabu saa, unangoja mchana mrefu wa kule kwao, saa 14 na zaidi, ndio utoe ua, na sisi tuko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, tofauti ni dakika chache. Taa ya geti ndio iliudanganya. Ndio maana mashamba ya maua ya kuuza nje yanawasha taa usiku kwa aina fulani za maua, si eti wanaogopa wezi tu.

Ubaya ni kwamba kuna mengine yanahesabu kinyume. Kosmosi, krisanthemamu na ile salvia ya zambarau yanataka usiku mrefu, kwetu yanatoa maua bila kubembelezwa, lakini ukiyapanda chini ya hiyo taa yatasukuma majani tu huku ukilaumu aliyekuuzia. Kwa hivyo kabla hujachimba shimo lolote toka nje saa 2 usiku, angalia mwanga wa taa unafika wapi, na hapo weka nyasi na majani. Nyasi nitakazotaja hapa hazisumbuliwi sana na hiyo.

Udongo sasa. Nilianza Kinoo kwa ploti ya kukodi, udongo mwekundu, ule unaingia jembe kama kisu kwa keki na maji yanapita bila shida. Sasa niko Utawala, udongo mweusi, blak koton yenyewe, na ni kama nilihamia nchi nyingine. Mvua ikinyesha inashika buti, unatembea ukiwa na kilo tano kwa kila mguu, na Februari inapasuka nyufa ambazo simu inaweza kuingia (najua inaingia, usiniulize). Kama uko kwa udongo mwekundu huna kazi kubwa, lima futi moja kwenda chini, toa mawe na mizizi ya thangari, lile gugu linalofanana na nyasi, endelea. Kama uko kwa mweusi usihangaike kupigana nayo, inua. Mimi nilijenga vitanda vya sentimita 25 hivi juu ya usawa wa chini, nikachanganya udongo na mbolea ya ng'ombe iliyoiva na majani makavu, kingo nikaweka mawe. Na usiiguse ikiwa imelowa, ukiilima mbichi itakauka vipande kama matofali. Ngoja siku ile ukifinya konzi inavunjika badala ya kunata.

Haya, nyasi zenyewe. Ya kuanzia kwa mtu yeyote ni ile watu wa nasari wanaita faunten grasi, zamani wataalamu waliiita Pennisetum setaceum, siku hizi wameihamishia Cenchrus. Inafika kama mita moja, majani membamba, mashuke ya manyoya yanayoanza na rangi kidogo ya waridi alafu yanageuka meupe. Iko na ndugu yake wa majani ya zambarau iliyokolea kama divai, na huyo ndiye mimi napendekeza, kwa sababu mbili. Moja, rangi inakaa hata Januari. Mbili, hiyo ya zambarau karibu haitoi mbegu za kumea, ile ya kijani inatoa sana, na ukiwa na loni ama jirani mwenye kijishamba utazikuta kila mahali. Huko Hawaii ile ya kijani imekuwa balaa, inakula ardhi na ikikauka inabeba moto. Kwetu Afrika Mashariki ni ya nyumbani, haina hiyo vita, lakini bado itakuchosha kung'oa. Mche wa zambarau nilinunua Kiambu Road kwa 200 bob, jamaa alianza na 350, na ushauri wangu ni usinunue ule mkubwa wenye mashuke tayari. Nunua ule mfupi wenye vichipukizi vingi chini, utampita yule mrefu kwa mvua moja.

Ya pili ni yetu kabisa na wengi hawajawahi kuiona kama urembo. Themeda triandra, ile nyasi nyekundu ya nyanda za Athi, ndio hiyo unaona ndani ya mbuga ya Nairobi ikigeuka rangi ya kutu mvua ikiisha. Mbuga iko hapo tangu 1946 na sisi tunapita nje kwa matatu tukitafuta nyasi ya pampasi ya kununua. Themeda inaingia blak koton bila kulalamika, ni udongo wake. Shida ni kuipata. Usiingie mbugani na jembe, tafadhali, hiyo ni kesi. Mimi nilipata vishina vinne kwa ploti ya mtu Kitengela iliyokuwa inasafishwa kwa ujenzi, nikaomba mwenyewe, akacheka, akaniambia nibebe hata lori. Ukitaka kutumia mbegu uwe na subira, mbegu mbichi inalala karibu mwaka kabla ikubali kuota. Lakini chukua chache tu uangalie: kila mbegu ina mkia mrefu wa kahawia uliojisokota kama uzi wa cherehani, weka kwa kiganja, tia tone la maji, ngoja kidogo, utaona inaanza kuzunguka polepole yenyewe. Inajizungusha ikilowa na ikikauka, hivyo ndivyo inavyojichimbia udongoni. Watoto wangu walimaliza karibu zote hivyo.

Kuna ile ya waridi fupi imejaa kando ya Eastern Bypass, Melinis repens, jua la jioni likiipiga inakaa moshi mwekundu. Hiyo ni bure, kata mashuke yaliyokomaa, kung'uta pale unataka, imekwisha. Haikai miaka mingi lakini inajirudisha yenyewe. Mchaichai pia ni nyasi ya urembo, watu wanaidharau juu wanaijua kwa chai, lakini kichaka chake kikijaa kinaziba mahali pabaya vizuri sana, kwa mfano kile kifuniko cha septik. Na kama uko na mahali maji yanatuama, weka mafunjo.

Pampasi sasa. Najua unaitaka, umeiona kwa harusi. Inatoka Amerika ya Kusini, inafika mita tatu, na majani yake ni msumeno, si maneno ya kutishia, kingo zake zinakata mkono kweli kweli. Kwa ploti ya futi 40 kwa 80 sioni unaiweka wapi. Afrika Kusini na New Zealand wameiorodhesha kama magugu ya kupigwa vita. Kama ni lazima, weka moja tu, mbali na njia na mbali na mahali watoto wanachezea, na ukate mashuke kabla hayajapukutika, yaende ndani kwa vesi.

Maua ya kupanda katikati ya hizo nyasi ndio yanataka akili zaidi, juu hapa ndio ule mgawanyo wa Julai na Januari unaingia. Kwa Julai tegemea kosmosi, kinifofia, antirinamu na dianthasi. Kinifofia ni ile nasari wanaita redi hoti poka, mwenge wa machungwa unaosimama juu ya kijiti, na iko aina inayomea yenyewe juu huko Aberdare na Mlima Kenya, kwa hivyo baridi ya Nairobi kwake ni mchezo. Usiweke gazania kwa hesabu ya Julai. Gazania ni nzuri mno, kutoka Afrika Kusini, haihitaji maji mengi, lakini jua likikosekana inajifunga kama duka siku ya maandamano, na mwezi wa saba unaweza kumaliza wiki nzima bila kuona ndani yake. Iweke kwa Januari, hapo itakulipa. Zinia pia ni ya Januari, ukiipanda ichanue kwenye baridi majani yatashika ule unga mweupe wa ukungu na utajuta.

Kwa hizi za kusia, hesabu nyuma. Kosmosi na zinia zinachukua kama wiki 8 mpaka 10 kutoka mbegu mpaka ua. Kwa hivyo kosmosi ya Julai sia mwisho wa Aprili ama wiki ya kwanza ya Mei, mvua bado iko, na ya Januari sia katikati ya Novemba. Watu wengi wanasia zote Machi, mvua ya kwanza, maua yanakuja Mei wakati hakuna mtu anatoka nje juu ya matope, na Julai yameshachoka. Hapo kwa kusia kuchelewa ndio siri yote iko, na haikugharimu kitu. Kosmosi usiipe mbolea, ikishiba inakuwa miguu tu, mita moja na nusu ya majani na ua moja.

Za kudumu ambazo mimi siwezi kukosa ni mbili. Salvia ya zambarau kutoka Mexico, Salvia leucantha, ukishika ua lake ni kama unashika velveti, kweli funga macho ushike. Inatoa karibu mwaka mzima hapa, ukikata matawi yaliyochanua mpaka sentimita 30 kutoka chini inaanza upya, na vipande ulivyokata chomeka kwa kivuli vinashika mizizi. Zambarau yake na mashuke ya faunten grasi pamoja, hiyo ndiyo picha niliyokuwa natafuta miaka yote. Ya pili ni leonotisi, maua ya rangi ya chungwa yanayokaa orofa kwa orofa kuzunguka shina, utaikuta pori ukipanda upande wa Ngong. Ndege wa chozi hawaiachi. Kwangu anakuja yule mkubwa wa rangi ya shaba, mkia mrefu, anaanza orofa ya chini anapanda juu ua kwa ua kama anasoma mita za stima.

Delia nilikuwa nazo Kinoo, fuko akala viazi vyake vyote kwa wiki mbili, nikaachana nazo. Kama huna fuko, panda.

Kupanda nyasi yenyewe ni kazi ya dakika kumi. Wakati ni mvua ikishashika, si ile ya kwanza ya kudanganya, kwa hivyo wiki ya mwisho ya Machi ama mwisho wa Oktoba, ndio mizizi ipate kama wiki nane za maji kabla ya kiangazi. Shimo upana mara mbili ya karatasi nyeusi ya mche, kina sawa na karatasi. Ukiichana utakuta mizizi imejizungusha chini kama tambi, ifungue kwa vidole, kata ile iliyozunguka sana, usiogope. Mbolea konzi mbili zinatosha, zichanganye na udongo. Hapa usiwe mkarimu, nyasi ikilishwa sana inanenepa, inarefuka, alafu mvua ya mawe ikija inalala chini na hairudi tena. Kitako cha mche, pale majani yanapotokea, kiwe usawa na udongo, kikizama kinaoza, hasa kwa blak koton. Nafasi sentimita 60 mpaka 75 kati ya mche na mche, itaonekana kama ni mbali sana, majirani watakuuliza kama pesa ya miche iliisha, wapuuze.

Usizipange mstari kama askari wa gwaride. Tatu pamoja, alafu maua, alafu mbili, alafu moja imejitenga. Na hii sikuambiwa na mtu: kabla ya kupanda, keti pale unapendaga kunywea chai jioni, angalia jua la saa 11 na nusu linatoka upande gani, alafu weka nyasi kati yako na hilo jua. Mashuke yakipigwa na mwanga kutoka nyuma yanawaka kama taa ya karabai, kila unywele unaonekana. Nyasi ile ile ukiipanda ukutani upande wa pili, jua likiwa mgongoni mwako, ni majani tu. Nilihamisha saba kwa sababu hiyo.

Kukata ni mahali nilifundishwa na ajali. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa na kijana anatusaidia kazi ya nje, mwanaume mchapakazi, nikasafiri ushago mwanzo wa Machi nikamwachia maagizo ya kusafisha. Narudi Ijumaa nakuta ameshika sleshi na kila nyasi yangu iko chini, zote kumi na nne, kitambaa begani, anatabasamu, ananiambia bosi hiyo kichaka ilikuwa inaleta nyoka. Niliingia ndani bila kusema kitu. Mvua ikaanza kama siku kumi baadaye, na kufika Mei hizo nyasi zilikuwa nzuri kuliko zilivyowahi kuwa, majani mapya, hakuna yale makavu ya kijivu ndani. Kumbe ndivyo zinatakiwa kufanywa mara moja kwa mwaka, na yeye aliotea wiki sahihi bila kujua. Kosa lake lilikuwa moja tu, alikata zote, tukakaa mwezi na nusu na vipara.

Sasa mimi nafanya hivi. Nusu nakata kabla ya mvua ndefu, nusu kabla ya mvua fupi mwanzo wa Oktoba, na mwaka unaofuata nageuza. Kabla ya kukata, funga kichaka chote kiunoni na kamba ya katani, kaza, alafu kata chini ya kamba kwa panga kali ama mkasi mkubwa wa fensi, sentimita 10 mpaka 15 kutoka chini. Unabeba mganda mzima kama kuni badala ya kuokota jani jani. Vaa glavu na shati la mikono mirefu. Usikate Julai, baridi ile haina nguvu ya kusukuma kitu, na usikate Januari eti juu zimekauka, huko kukauka ndiko urembo wenyewe, na kile kichaka kinatia kivuli mizizi yake. Nimeona watu wakichoma moto badala ya kukata. Porini sawa, lakini wewe uko kwa ploti na jirani ana pazia dirishani.

Kila miaka miwili mitatu utaona katikati ya kichaka pamekufa, kumebaki duara la majani na shimo kati kama tairi. Hapo ni kugawa. Ngoja mvua inyeshe mara mbili tatu, chimba kuzunguka kwa fok jembe, ng'oa chote, lalisha kwa ubavu, pasua kwa panga kama unapasua boga, mara mbili, upate vipande vinne. Katikati iliyokufa tupa. Majani punguza yabaki ya kiganja, panda siku hiyo hiyo, usiache mizizi ipigwe jua ukienda kula lanchi. Mche wangu mmoja wa 200 sasa umekuwa kumi na sita, na sijahesabu niliogawia shemeji.

Wakati kichaka kiko nje ya udongo ndio taimu ya kutafuta thangari. Hiyo adui ikiingia katikati ya nyasi ya urembo huwezi kuitoa kutoka juu, zinafanana, unang'oa jani na mzizi unabaki ukikucheka. Osha mizizi kwa ndoo, utaona ile myeupe yenye vifundo inapita kama waya, ivute yote polepole. Na kama loni yako ni nyasi ya Kikuyu, chimba kamtaro ka sentimita 15 kati yake na kitanda, uwe unakapitia na panga kila mwezi, ama weka matofali yamesimama. Isipofungiwa itaingia tu.

Maji. Miezi mitatu ya kwanza, kama mvua haipo, nusu mtungi wa lita 20 kwa kila kichaka mara moja kwa wiki, polepole, kwenye shina, jioni. Usinyunyizie kidogo kidogo kila siku, mizizi itabaki juu ikingoja, na siku maji yakikatika mtaa mzima ndio mwisho wake. Ikishapita mwaka, nyasi sizipi maji kabisa, hata Februari. Maua yanapata yale ya mwisho ya kusuuza nguo, si ya kwanza yenye sabuni nzito. Chini funika na zile nyasi ulizokata, safu ya vidole vinne, usiguse shina. Kwa marigoldi angalia chini ya majani kwenye kiangazi, ukiona vumbi la rangi na kautando ni utitiri mwekundu, piga maji kwa nguvu upande wa chini asubuhi, siku tatu nne mfululizo.

Wa fleti msijisikie mmetengwa. Ndoo ya rangi ya lita 20, toboa mashimo sita chini, kokoto kidogo, udongo mwekundu na mbolea, mche mmoja wa zambarau katikati na gazania tatu pembeni, weka kwa balkoni inayopata jua angalau nusu siku. Hiyo utaipa maji mara tatu kwa wiki, ndoo haina mahali pa kwenda. Gawa kila mwaka, siyo miwili. Na ifunge kwa greli kama uko orofa ya tano, upepo wa Agosti si wa kuchezea.

Mashuke ya kuweka ndani kata yakiwa yamefunguka nusu, ukingoja yafunguke yote yatamwaga manyoya kwa kochi. Funga kumi kumi, ning'iniza kichwa chini mahali pakavu penye giza wiki tatu hivi. Mimi natumia stoo.

Leo ni kukata nusu ya mwaka huu. Panga nimeshanoa, kamba iko, zile nane za upande wa tangi zinaenda chini kabla ya saa sita. Zile za geti naziacha mpaka Oktoba, ndege mnana ameanza kuchana majani yake anabeba kwa mti wa jirani, anachagua jani moja moja, anavuta kutoka ukingoni anaruka nalo likipepea nyuma, na bado hajamaliza.